TAHADHARI: Bomba la kuungaunga linauzwa Dallas kama ekstensheni ya hichi

Wadau mlioko Texas na Oklahoma, hasa nyie mliopandisha kempa (kile kijumba cha kulala safarini) mgongoni mwa pikapu: kuna mtu anauza ekstensheni za hichi, yaani vyuma vya kurefusha sehemu ya kuvutia gari jingine, kwa Kiswahili. Narudia, kwa Kiswahili. Ni mwenzetu, anamwita kila mtu "ndugu yangu", na anachouza kitaua mtu barabarani. Jina simtaji, maana analibadilisha kila mara. Mali yake ndiyo haibadiliki, kwa hiyo nitawaelezea hiyo.

Kwa wasioijua (Wazanzibari msinicheke, hichi hii si ya "kitu hichi"): ni lile fremu la chuma chini ya bampa ya nyuma, lenye tundu la mraba linaloitwa risiva, ambamo unachomeka chuma chenye tufe la kuvutia. Kempa yangu inapita bampa kwa karibu mita moja. Nikichomeka tufe la kawaida linajificha chini ya kempa, na Jeep ninayotaka kuivuta haiwezi kufika. Ndiyo maana tunatafuta ekstensheni, na ndiyo maana huyu bwana ametulenga.

Tangazo lake lilisema inchi 42, "inavuta paundi 10,000", dola 140, "bei ya undugu". Tukakutana kwenye maegesho ya duka, jioni, giza limeshaanza kuingia. Kadi hataki, anataka hela ya mkononi au umtumie kwa simu hapo hapo. Nikaona chuma cheusi kinang'aa, kina stika ya namba upande mmoja, nikalipa. Nikiri ujinga wangu: harufu ya rangi mbichi niliisikia, nikadhani ni upya.

Jumamosi nikapakia familia, nikafunga Jeep nyuma, tukashika I-35 kwenda Oklahoma. Karibu na Gainesville nikaingia kujaza mafuta. Pale kwenye kibonde cha kuingilia kituoni nikasikia mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja muwa kwa goti. Nikashuka, nikalala chini na tochi ya simu. Katikati ya bomba rangi ilikuwa imepasuka kwa mstari ulionyooka, kana kwamba umechorwa kwa rula. Nikaikwangua kwa ukucha ikabanduka kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Chini yake kulikuwa na mshono wa kuchomelea, vimabonge vilivyomwagikiana kama uji, na ufa unaoingia kadi ya benki. Si bomba moja lile. Ni vipande viwili vilivyounganishwa, vikapakwa rangi nzito.

Safari ikaishia hapo. Mke wangu akarudi anaendesha Jeep, mimi na pikapu.

Nyumbani nilikipiga msasa chote. Ukuta wa bomba ni karibu nusu ya unene wa risiva ya gari langu. Matundu ya pini, ile inayofunga chuma ndani ya risiva, hayakutobolewa kwa drili, yamechomwa kwa gesi, kwa hiyo ni ya yai na pini inacheza ndani. Na ile stika ni karatasi tu, ilitoka kwa maji ya moto.

Sasa sikilizeni hili, maana hata chuma kizima kinaweza kukuponza. Tufe la kawaida liko kama inchi 10 kutoka kwenye pini. Weka ekstensheni ya inchi 42, limekuwa inchi 50 na kitu. Nguvu ile ile sasa inapinda hichi yako mara tano. Ndiyo maana watengenezaji wengi hukata uwezo wa hichi kwa nusu hata kwa ekstensheni fupi, na ndefu ndiyo kabisa usikisie: unasoma kibao cha ekstensheni, kibao cha hichi na kitabu cha gari, na namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala. Wanaovuta kwa urefu kama wangu hutumia hichi nzito zenye risiva mbili, moja juu ya nyingine, na ekstensheni yake pacha. Paundi 10,000 kwa bomba moja la inchi 42 ni namba ya kuota.

Mtu aliniambia, "Lakini Jeep ina magurudumu yake manne chini, haikulalii." Kweli, haikulalii kama tela. Ila tufe langu lilikuwa juu kuliko bracketi za Jeep, kwa hiyo ule mkono wa kuvutia, unaounga Jeep na tufe, ulikuwa umeinama. Ukivuta, unabinya tufe chini. Ukifunga breki, Jeep inalisukuma juu. Chini, juu, chini, juu, kama mtu anayekata waya kwa kuukunja na kuukunjua. Mkono uwe karibu na kulala sawa, pimeni kempa ikiwa imeshapakiwa, siyo kabla.

Kilichonituliza roho baadaye ni minyororo ya usalama, ile inayoishika Jeep kiungo kikikatika. Jirani yangu, dereva wa malori, aligoma nisiifunge kwenye ekstensheni. Tukaiunga mirefu hadi kwenye hichi yenyewe. Kama ningeifunga kwenye bomba, bomba likikatika Jeep inaondoka nalo pamoja na minyororo, nyuma yake kuna gari la watu.

Nilimpigia muuzaji. Kwanza, "ndugu yangu ulizidisha mzigo". Nilipomtajia mshono, akakata, akaniblok. Juzi nimeliona tangazo tena, jina jipya, bei 160, picha ile ile: turubai la bluu chini, na ndara moja kwenye kona ya kushoto. Nimeshamripoti kwa wenye mtandao, FTC (tume ya serikali kuu ya Marekani inayolinda wanunuzi), na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas, ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi. Kama alikuuzia nawe, fanya hivyo hivyo, usinyamaze kwa aibu.

Bomba langu nimelikata kwa grenda vipande vitatu lisije likapakwa rangi tena. Kama unalo la kwake na huna uhakika, chukua msasa, anzia katikati upande wa chini, na unitumie picha kabla hujafunga gari nyuma.