NamUs kutoka Kibokoni: tovuti ya kumtafutia aliyezamia meli asirudi

Naanza na hukumu, maana najua wengine mtasoma mistari mitatu mwende zenu. NamUs ni bure, iko wazi kwa yeyote, na kama una jamaa aliyepotelea Marekani, ifungue. Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozitoa, ingawa nusu ya lawama iko upande wetu wa bahari.

Mimi nina kiduka cha kuchapa na kupiga kopi Mji wa Kale wa Mombasa, huku Kibokoni. Kazi zangu ni fomu za kodi za KRA, kadi za harusi, na zile karatasi zenye picha na neno AMEPOTEA ambazo hubandikwa Digo Road na kwenye kuta za feri ya Likoni. Hizo za mwisho sitozi. Kwa hivyo Bi Mkubwa mmoja wa mtaani aliponiletea picha ya nduye, nilidhani ataka bango. Kumbe kijana wa pichani, shati limefunguliwa vifungo vitatu na nywele za mtindo wa enzi zile, alizamia meli Kilindini na wenziwe kabla mimi sijaanza shule. Barua ya mwisho ilitoka Houston, Texas. Hapo tena, kimya.

Lililomtoa nyumbani ni mirathi. Nyumba ya baba haijagawanywa, na fungu la ndugu huyo limewaziba wote. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu 118A, inaruhusu mtu ambaye hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake adhaniwe amekufa. Watoto wa dada zake wamemweleza hilo mara nyingi. Yeye hataki kudhani. “Nami nikudhanie wewe umekufa, mwanangu, utafurahi?” Sikuwa na jibu, nikawasha kompyuta.

NamUs ni daftari la taifa la Marekani la watu waliopotea na maiti wasiojulikana. Lilianza 2007, liko chini ya Taasisi ya Taifa ya Haki ndani ya Wizara ya Sheria yao. Taasisi hiyo inakadiria kuwa kila mwaka nchi ile hupata miili kama 4,400 isiyo na jina, na kama 1,000 kati yao hubaki hivyo hata mwaka ukipita. Daftari lina pande mbili. Upande mmoja ni waliopotea, namba zao huanza na MP. Upande wa pili ni waliopatikana wamekufa na hawajulikani, namba zao huanza na UP. Mimi na Bi Mkubwa tulikuwa tukiperuzi UP.

Na hapa ndipo nyota zangu nne zilipotoka. Unamtafuta maiti kwa maelezo kwanza. Jinsia, umri wa kukadiria, urefu, jimbo, tarehe mwili ulipopatikana, nguo, kovu, tatuu, meno. Kuna hata mahali pa kuonyesha hali ya mwili, tangu uso unaotambulika hadi mifupa mitupu, ili ujue unaingia wapi kabla hujaingia. Picha nyingi ni michoro ya penseli au sura zilizofinyangwa juu ya fuvu. Mtu mzima wa miaka sabini na kitu anaweza kukaa kwenye kiti changu cha plastiki, akanywa kahawa yake chungu, na kusema “siye, huyu ana kidole kilichovunjika” bila kutapika.

Linganisha na desturi yetu. Niliwahi kumsindikiza jirani kumtafuta kijana wake katika mochari moja ya Pwani ambayo sitaitaja. Mhudumu alivuta droo moja baada ya nyingine akisema “tizama, tizama,” na baba wa watu akatizama watoto wa wenzake wote kabla hajafika kwenye “hakuna”. Hatukuulizwa urefu, hatukuulizwa kovu, wala ile shati ya Bandari FC aliyotoka nayo nyumbani. Maelezo yale yote mzee alikuwa nayo kichwani, na hapakuwa na karatasi ya kuyaandika.

Kubwa zaidi kwangu ni orodha ya waliokwisha kuondolewa. Kwenye rekodi ya maiti wameandika majina ya watu waliopotea ambao walilinganishwa naye ikaonekana siye. Ukiona jina la jamaa yako humo, hulipi tena moyo wako kwa mwili huo. Kwa kweli sikutegemea serikali yoyote ingefikiria jambo la adabu kiasi hicho.

Sasa maneno ya kiutendaji, kwa mtakaoitumia mkiwa huku. Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku, kwa hivyo 03/07 ni Machi. Urefu ni wa futi na inchi: futi 5 na inchi 10 ni kama sentimita 178. Uzito ni wa pauni: 150 ni kilo 68. Ukijaza urefu kamili utawapoteza wengi, maana urefu wa mifupa hukadiriwa tu, ongeza na upunguze inchi mbili tatu. Umri pia, acha nafasi pana.

Kisanduku cha rangi ya mtu kiacheni kitupu. Hili nalisema kwa watu wa Mji wa Kale hasa. Nduye Bi Mkubwa ana nywele za singa na pua ya babu yake wa Hadhramaut. Daktari wa Texas akimkuta amelala kando ya reli hatamwandika Mwafrika. Pengine atamwandika mtu wa Meksiko, pengine ataacha “haijulikani”. Tulipoondoa rangi, orodha iliongezeka sana, na hapo kazi ikawa kuchambua mchele.

Tarehe nayo ina hadithi. Tovuti inataka siku ya mwisho ya mawasiliano. Bi Mkubwa hana mwezi wa Kizungu, ana Idi. Barua ilikuwa na salamu za Idi ya mfungo tatu, mwaka ambao bintiye wa kwanza alizaliwa, yaani 1405 ya Hijria. Nikahesabu, ikaangukia mwishoni mwa Agosti 1985. Basi tukaanza na miili yote iliyopatikana Texas kuanzia Septemba ya mwaka huo, kisha tukafungua majimbo ya jirani yenye bandari.

Hatukumpata. Nasema mapema ili msisome mkingoja. Wawili walitufanya tunyamaze kidogo. Mmoja akaondoka kwa sababu ya jino la dhahabu, kwani huyu wetu hakuwa nalo, ingawa Bi Mkubwa alikumbusha kuwa miaka ikipita mtu huweza kununua jino. Yule wa pili namba yake nimeiandika.

Nyota niliyoizuia ina sababu mbili. Ya kwanza ni yao. Kwa miaka mingi kuingiza rekodi kulikuwa hiari ya ofisi husika, majimbo mengine yakajaza na mengine yakasuasua. Texas ilipitisha sheria ya kuwalazimisha watu wake mwaka 2021 tu. Kwa hiyo ukikosa mtu humo, usihesabu kuwa hayupo.

Ya pili ndiyo inayoniuma. Upande wa MP na upande wa UP hukutana vizuri iwapo pande zote mbili zimeandikwa. Kijana aliyezamia meli hana viza, hana mkataba wa kazi, mara nyingi hata jina alilokuwa akitumia huko si lile la kitambulisho. Hakuna polisi wa Houston aliyewahi kuambiwa amepotea. Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kufungua akaunti na kuwasilisha jina la mtu wake, lakini halichapishwi mpaka polisi wathibitishe kuwa kuna ripoti. Na ripoti haipo, kwa sababu wazee wetu waliona aibu kwenda kituoni kusema mtoto katoroka na meli.

Halafu kuna jambo ambalo Wamarekani wenyewe wangelionea wivu. Kila Mkenya mwenye kitambulisho ameacha alama za vidole vyake vyote kumi serikalini. Ndiyo maana huku kwetu, mtu mzima akiokotwa bila karatasi, polisi huchukua vidole kwanza. Miili zaidi ya ishirini iliyotolewa Mto Yala na kuwekwa mochari ya Yala, habari iliyolipuka Januari 2022 na kuwapeleka hadi kule Haki Africa, watetezi wetu wa haki za binadamu wa hapa Mombasa, njia ya kuitambua ilianzia hapohapo kwenye vidole. Marekani hawana daftari kama hilo la raia wote. Vidole vya maiti wao hupelekwa FBI, na mtu ambaye hajawahi kukamatwa wala kuajiriwa kwenye kazi inayotaka alama anaweza asionekane kabisa. Nduye Bi Mkubwa alichukua kitambulisho kabla ya kuzamia, dada mtu anakumbuka alivyorudi na wino vidoleni. Inawezekana kabisa alama zake ziko Nairobi, na maiti mwenye alama zilezile ameandikwa UP fulani Texas, na karatasi hizo mbili hazijawahi kulazwa meza moja. Daraja lipo, ni Interpol, shirika la polisi wa kimataifa, ambayo ina ofisi yake Nairobi chini ya idara ya upelelezi, DCI, na ambayo hutoa ile notisi nyeusi ya maiti wasiojulikana. Lakini daraja halivuki lenyewe, sharti mtu afungue kesi.

Huko Ulaya Interpol wamejaribu kuwauliza watu wa kawaida moja kwa moja. Mei 2023 walianzisha Identify Me, wakatangaza wanawake 22 waliokutwa wamekufa Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani. Mmoja, aliyeuawa Antwerp mwaka 1992, alikuwa na tatuu ya ua jeusi mkononi. Familia yake Uingereza iliiona kwenye habari. Akapata jina lake, Rita Roberts, baada ya miaka 31. Kampeni nzuri, ila ni ya wanawake na ni ya Ulaya, haikutufaa sisi.

Vijana wangu dukani waliniuliza mbona tusifanye “ile ya DNA ya ukoo”. Nimeisoma. Mwaka 2018 kikundi cha kujitolea kiitwacho DNA Doe Project kilimpa jina msichana aliyeokotwa Ohio mwaka 1981 akiwa na koti la ngozi lenye nyuzinyuzi. Aliitwa Marcia King. Walimpata kwa sababu binamu mmoja wa ukoo wake alikuwa ameweka DNA yake kwenye GEDmatch, tovuti ya watu kulinganisha DNA zao. Sasa niambieni, ni binamu gani wa Kibokoni aliyelipa dola kutema mate kwenye kichupa akayapakia mtandaoni? Hazina hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. London wana mtoto wa kiume aliyetolewa Mto Thames mwezi Septemba 2001, kiwiliwili tu, polisi wakamwita Adam. Mifupa yake ilipimwa madini, ikaelekeza kusini mwa Nigeria. Hadi nchi walifika. Jina lake la kweli halijathibitishwa mpaka sasa.

Kinachotufaa sisi ni njia ya zamani: kijiti cha pamba kisuguliwe ndani ya shavu la Bi Mkubwa. DNA ile inayopita kwa mama hufika kwa watoto wote, wa kike na wa kiume, na ni nyingi ndani ya kila chembe, kwa hiyo huweza kubaki hata kwenye mfupa uliochoka. Dada wa tumbo moja na nduye wanayo ileile. Ila sampuli ya familia huingia kwenye hazina ya DNA ya Marekani, CODIS, kupitia polisi, si kwa kutuma kijiti kwa posta, na vipimo vya kampuni za biashara hawavipokei. Na akiondoka Bi Mkubwa, itabidi kutafuta watoto wake, wa kike au wa kiume, kisha wao wakubali.

Msione hilo ni jambo la mbali. Shakahola iko hapo Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, na familia za kwanza zilikabidhiwa watu wao Machi 2024, karibu mwaka mzima. Mifupa ilikuwepo, maabara ilikuwepo Nairobi. Watu wa kutoa mashavu yao ndio waliopungua, wengine kwa sababu familia nzima ilikuwa imelala mchangani mle mle.

Kwa hivyo tulipozima kompyuta nilimwandikia Bi Mkubwa karatasi moja: jina la kitambulisho, jina la utani la bandarini, urefu, kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto, tarehe ya barua kwa kalenda mbili, na ile namba ya UP. Akaipeleka kituoni na mjukuu wake. Askari wa zamu alimuuliza kwa nini amengoja miaka arubaini. Akamjibu, “Nilikuwa nikimngoja yeye, si nyinyi.” Wakamwandikia OB, yaani namba ya daftari la matukio la kituo.

Mkitaka nami niwasomee tovuti hiyo, njooni baada ya Laasiri, asubuhi nimejaa watu wa KRA. Njooni na urefu, makovu, meno na tarehe. Kopi ya barua nitapiga mwenyewe. Picha si lazima.