Koti la ndama: wiki sita za baridi ya Makete

Nafugia Makete, upande wa kwenda Kitulo. Anayekujua huku anaijua Juni: unaamka majani yote meupe kwa sakitu, viazi vimeungua. Mwaka jana msimu huohuo nilimpoteza ndama jike. Alizaliwa usiku, alfajiri nikamkuta bado mbichi. Nikamtia kidole mdomoni, ubaridi mtupu. Hata dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, hakuweza kunyonya. Ndiyo sababu mwaka huu nilishuka hadi Makambako kununua koti la ndama, shilingi 38,000.

Nje ni turubai jepesi lisilopitisha maji, ndani blanketi zito, mikanda miwili ya tumboni na mmoja wa kifuani. Linafika hadi mkiani, na hapo aliyelishona amefikiri vizuri.

Nilimvalisha ndama wa siku moja, baada ya kumfuta akakauka kabisa. Kila siku saa kumi na moja alfajiri nilimpima kwa kipimajoto: 38.6, 38.8, hakutetemeka. Usiku mmoja mkanda ukafunguka koti likadondoka, asubuhi nikasoma 37.7 na mgongo ameukunja. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Mama yake analala kwenye baridi ileile wala hana habari. Majani yanayochachuka tumboni mwake usiku kucha yanatoa joto, ndiyo maana jioni namwongezea nyasi kavu. Kwa ndama tumbo hilo halijaanza kazi. Ana maziwa tu, na mafuta kidogo aliyozaliwa nayo. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, ndama wa wiki za mwanzo anaanza kuyatumia maziwa kujipasha badala ya kukua.

Kwa hiyo sikubaliani na muuzaji aliyeniambia nikishamvalisha nisibadilishe kitu. Niliongeza maziwa kutoka lita 4 hadi 6 kwa siku, ya uvuguvugu, mlo wa tatu saa tatu usiku. Na maranda nilimwaga mengi, akilala miguu inazama isionekane. Koti juu ya sakafu yenye mkojo ni kazi bure.

Kasoro zipo. Vifungo vya plastiki ni dhaifu, kimoja kilipasuka wiki ya pili, fundi cherehani akaniwekea cha begi la shule. Halafu jua la mchana huku ni kali hata Julai: ukilisahau koti ndama anatoka jasho, manyoya yanalowa, na usiku anaingia kwenye baridi akiwa mbichi. Mimi nalivua saa nne nalianika, narudisha saa kumi jioni. Likilowa halikauki siku moja, hivyo nunua mawili kama una uwezo.

Nampa aliyelishona koti nyota nne. Wiki ya sita ndama alikuwa anakula pumba na kucheua, nikalivua moja kwa moja. Nina jike mwingine anayezaa mwanzoni mwa Agosti. Koti limeshafuliwa, linaning'inia nyuma ya mlango.