Bamba la springi ya pikapu kama chuma cha kuanzia: uzoefu wangu baada ya visu vitano

Nimetengeneza visu vitano vya jikoni kwa mkono, hapa Mombasa, kutoka bamba moja la springi iliyotolewa kwenye pikapu. Hukumu yangu naitanguliza: kati ya vyuma vinavyopatikana mjini kwa urahisi, sijaona kinachomvumilia mwanagenzi kama hiki. Kasoro zake kubwa ni mbili, unene na nyufa zisizoonekana, na zote zina dawa.

Bamba lenyewe lilikuwa na urefu wa sm 60, upana wa sm 6 na unene wa mm 7, uzani kama kilo 2. Kwenye karakana za magari makubwa kuanzia Changamwe hadi Miritini utayaona mengi, ila ya malori huwa na mm 10 na zaidi, na kuyafua kwa nyundo ya mkono ni kujichosha bure. Tafuta la pikapu au la matatu. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni na udai risiti; biashara hii iko chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015.

Springi nyingi za namna hii ni chuma cha jamii iitwayo 5160, au SUP9 kwa magari ya Kijapani: kaboni karibu asilimia 0.6, kromi chini kidogo ya asilimia 1. Kaboni ndiyo inayokipa chuma ugumu, na kromi inakiwezesha kupata ugumu huo ndani ya mafuta, bila kukitia majini ambako vyuma vingi hupasuka. Lakini bamba kuukuu halina cheti. Kata kipande cha upana wa kidole, kipashe moto, kizamishe kwenye mafuta, kisha kibane kwenye jiriwa na ukivunje kwa nyundo (vaa miwani). Kikipinda bila kuvunjika, hicho si chuma cha kisu. Kikivunjika, tazama ndani: rangi ya kijivu laini kama majivu yaliyochekechwa ni dalili njema, na chembe zinazometa kama sukari maana yake umezidisha moto.

Nyufa hujificha hasa kuzunguka tundu la senta bolti (bolti inayoshikanisha mabamba) na kwenye ncha ambako mabamba husuguana. Safisha bamba kwa brashi ya waya, lipake mafuta ya taa, liache nusu saa, lifute kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Hata bila kuona mstari, mimi hutupa sm 5 kila upande wa tundu lile. Ufa uliopuuzwa hautasema kitu mpaka siku ya kukizamisha kisu kwenye mafuta, kazi yote ikiwa imeshafanyika.

Sasa unene. Kisu cha kwanza nilikiacha na mm 5 mgongoni, na hilo ndilo kosa la karibu kila anayeanza: kinaonekana imara, lakini muhogo unapasuka badala ya kukatika, na kitunguu cha kachumbari kinapondeka. Cha nne kilikuwa mm 2.5 mgongoni na ndicho kinachotumika jikoni kila siku. Kwa hiyo usikate umbo la kisu moja kwa moja kutoka kwenye bamba. Lipasue katikati kwa grenda yenye disiki ya kukatia ya mm 1, upate vipande vya upana wa sm 3, kisha chukua sm 15 tu. Kikifuliwa hadi mm 3.5 kinakaribia kufika sm 30, upana ukibaki ule ule, nacho kinatosha kisu pamoja na msuka wake, yaani sehemu inayoingia kwenye mpini. Fua chuma kikiwa rangi ya chungwa. Kikishafifia na kuwa chekundu cha giza, kirudishe motoni, kwa sababu nyundo juu ya chuma kilichopoa ndiyo inayoanzisha nyufa mpya.

Tanuri langu ni rimu kuukuu iliyokandikwa udongo, na upepo unatoka kwenye mashine ya kukaushia nywele. Makaa ya vifuu yamenipa moto mkali na majivu machache kuliko makaa ya gunia, ila yavunje yawe madogo kama punje za mahindi, la sivyo hewa hupita bila kufanya kazi.

Ukimaliza kufua, kipashe kisu mpaka sumaku iache kukishika, kiache kipoe hewani, na urudie mara tatu. Hii hurudisha chembe za chuma kuwa ndogo. Mara ya mwisho kifukie kwenye ndoo ya majivu makavu hadi kesho yake. Bila kukilainisha hivyo, biti ya drili itaungua kabla tundu halijatoka upande wa pili. Toboa matundu ya mpini wakati huu, mm 5, mawili au matatu. Tupa nayo ifanye kazi yake sasa: chora mstari wa katikati ya makali kwa biti yenye kipenyo sawa na unene wa chuma, ukilaza biti na kisu juu ya kioo, kisha tia tupa pande zote mbili ukiacha makali yenye mm 1. Usinoe bado. Makali membamba hujikunja au hupasuka kwenye mafuta, na hivyo ndivyo kilivyoharibika kisu cha pili.

Kukipa ugumu ndiko kunakoamua kila kitu. Sumaku ya spika mbovu huacha kushika chuma kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi, lakini hapo bado hapajatosha: ongeza moto kidogo, rangi ing'ae hatua moja zaidi, ufike kama 830. Fanya kazi hii jioni au ndani ya banda. Jua letu la mchana linaficha rangi, na macho hukudanganya kuwa chuma hakijaiva kumbe kimepita. Mafuta ya kupikia lita 4 ndani ya mkebe mrefu yanatosha. Yapashe kwanza yafike nyuzi 50 au 60, kwa kuwa mafuta baridi ni mazito na hupoza polepole. Oili chafu ya gari achana nayo, moshi wake ni sumu. Zamisha kisu wima, ncha kwanza, ukikipandisha na kukishusha bila kukiyumbisha kando, na mfuniko wa chuma uwe karibu, mafuta yakishika moto uyafunike. Baada ya sekunde 10 hivi kitoe. Kikiwa kimepinda, kibane haraka kati ya mbao mbili kabla hakijapoa kabisa. Tupa ikiteleza juu yake kama juu ya kioo, umefaulu.

Wakati huo kisu ni kigumu lakini kinavunjika kama chupa, kwa hiyo usikilaze hivyo usiku kucha. Kisugue king'ae, kiweke kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa 2, kipoe, kisha rudia. Nunua kipimajoto cha oveni. Namba za kwenye swichi hazitegemeki. Rangi sahihi ni manjano ya nyasi kavu. Zambarau au buluu kwenye makali inamaanisha moto umezidi, kisu kimelegea, na itabidi uanze upya. Rangi hiyo hiyo hutokea ukisaga kwa grenda bila kuchovya, basi weka ndoo ya maji kando na ushike chuma kwa vidole bila glavu: kikikuchoma, kichovye.

Mpini nimejaribu mwarobaini na mabaki ya mpingo. Mpingo ni mzuri zaidi na haunyonyi maji, lakini vumbi lake huwasha kifua, vaa barakoa. Gundi ya epoksi iache saa 24 hata kama pakiti inaahidi upesi zaidi.

Kwenye kinoo, pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande inafaa. Makali yanadumu vizuri, si kama ya kisu cha tupa kuukuu chenye kaboni nyingi zaidi, lakini tupa hupasuka kwa kosa dogo la moto, nayo ningeiacha mpaka kisu cha sita au cha saba.

Kutu ndiyo kero ya pwani. Chuma hiki si kile kisichoshika kutu. Kikiachwa na maji ya ndimu au ukwaju usiku mmoja tu, asubuhi kina madoa. Kioshe, kifute papo hapo, kipake mafuta ya nazi membamba, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hunyonya unyevu wa bahari na kuukumbatisha chuma. Changu kinaning'inia ukutani, mbali na sinki.

Bamba la pili nimeshalinunua, lina mm 6.