CFI: maswali mazuri, ila rangi imebanwa kwenye kona

Kwa mshauri nasaha anayehudumia watu walioumizwa na ubaguzi wa rangi, na anayetaka pa kuanzia, CFI inafaa. Ni Cultural Formulation Interview, yaani mahojiano ya kiutamaduni ya Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, yaliyotoka mwaka 2013 pamoja na DSM-5, mwongozo wa chama hicho wa kutambua magonjwa ya akili: maswali 16, kama dakika 20, bila malipo. Kenya ni mojawapo ya nchi yalikofanyiwa majaribio.

Swali la 2 pekee linatosha kuipa zana hii sifa. Mteja anaombwa aeleze tatizo kama angewaeleza ndugu au marafiki zake, na istilahi za hospitali zinakaa kando.

Ugumu unaanza swali la 8, linalouliza ni lipi lenye uzito zaidi katika asili au utambulisho wake. Utangulizi wake umerundika rangi pamoja na lugha, dini, jinsia na mengineyo. Mteja mweusi aliyekaa mbele ya mshauri mweupe hujibu kirahisi, "Mimi mtu wa kawaida tu." La kusema analo, ila anapima kwanza kama ataaminiwa. Mshauri akiandika jibu hilo na kusonga mbele, amelikosa jambo lenyewe. Aitaje rangi yeye mwenyewe: "Mimi na wewe rangi zetu ni tofauti. Kuna jambo unadhani sitalielewa?" Swali la 16 linagusia kutoelewana huku, lakini linakuja mteja ameshachoka, bora lipandishwe juu.

Swali la 9 nalo hupima utambulisho kwa kuulinganisha na tatizo. Kwa mtu anayejenga upya heshima ya rangi yake, hilo halitoshi. Ongeza: nani alikufundisha kuipenda ngozi yako, nywele zako, jina lako? Ulipobaguliwa, ulijiambia nini? CFI ina pia moduli 12 za nyongeza, yaani mafungu ya maswali ya ziada; ya 6 inachimba utambulisho.

Kosa baya zaidi ni la kwenye faili. Mteja anasema walinzi humfuatafuata dukani, mshauri anaandika "ana shuku zisizo na msingi". Kwanza uliza ilitokea wapi, mara ngapi, nani mwingine aliona.

CFI haina alama za kujumlisha, kwa hiyo haitaonyesha kama mteja anapata nafuu. Kwa hilo tafuta kipimo kingine.