Dracula au mumiani: nani aje Tanga?

Ukitaka kuandika hadithi ya wanyonya damu inayotokea Tanga, una viumbe wawili wa kuchagua. Wa kwanza ni yule wa Ulaya aliyepata sura yake maarufu katika Dracula ya Bram Stoker, 1897: bwana mkubwa mwenye kasri, meno marefu, kioo hakimwonyeshi. Raha yake iko kwenye mapenzi na mateso ya kutokufa, ndiyo maana vijana hawamchoki. Lakini mlete Ngamiani, mtaa wa hapo Tanga, uone. Kila jiko la pilau lina vitunguu saumu, navyo ndivyo anavyoviogopa, atapita wapi?

Wa pili ni mumiani, ambaye hana meno wala kasri. Damu hainywi, anaipeleka ikatengenezwe dawa. Enzi za ukoloni, watu wa Afrika Mashariki walifika hadi kuwashuku wazimamoto kuwa ndio mumiani. Kwangu huyu ndiye anayetisha hasa, kwa sababu ni mtu wa kazi: ametumwa, analipwa, na aliyemtuma humwoni. Mweke kwenye mashamba ya mkonge, katikati ya manamba, vibarua waliotoka mbali, na hadithi inajiandika: damu ya maskini imekuwa bidhaa. Mapenzi hana, na sioni haja ya kumpa.