Picha Haijaisha, Niachieni Skrini Yangu

Nyota moja. Nilikuwa nimepanga kutoa mbili, lakini nilipoanza kuandika nikaikumbuka sauti ya ile trela, lile tangazo la filamu nyingine, na nyota ya pili ikajiondoa yenyewe.

Huduma yenyewe siitaji jina. Ni mojawapo ya hizi za kulipia kila mwezi: unafungua programu kwenye runinga, unachagua filamu, unatazama. Habari za ubora wa picha na idadi ya vifaa wameziandika wenyewe kwenye tangazo lao, kasomeni huko. Mimi nina jambo moja tu na nitalisema mpaka nichoke. Hawa watu hawajui filamu inaishia wapi.

Wiki kadhaa zilizopita, au labda mwezi sasa, nilijipa moyo nikatazama Schindler's List. Mimi si mhakiki. Natazama sinema jioni, nimechoka, nusu ya akili iko kwenye kazi ya kesho. Ndiyo maana filamu hiyo nilikuwa nikiikwepa miaka nenda miaka rudi: inapita saa tatu, karibu yote ni nyeusi na nyeupe, na habari yenyewe ni mauaji ya Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Si picha ya kutazama huku unachezea simu. Siku hiyo nikasema leo ni leo, simu nikaiweka mbali, nikatulia.

Kila mtu akiizungumzia hutaja yule mtoto wa koti jekundu. Sawa, ni kweli anakaa kichwani. Lakini aliyeninyima usingizi ni Ralph Fiennes, yule kamanda wa kambi anayetoka kwenye roshani asubuhi, kifua wazi, bado ana uchovu wa kitandani, akachukua bunduki na kuanza kulenga wafungwa. Hana hasira wala hapigi kelele. Nimezoea maadui wa sinema wanaocheka kicheko kirefu kabla ya kuua ili tujue ni wabaya. Huyu anaua kivivu, na uvivu ule ndio unaotisha. Filamu ilibeba tuzo saba za Oscar mwaka 1994, yeye akatoka mikono mitupu. Hiyo ni kesi nyingine, nitaifungua siku nyingine.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Baada ya saa tatu za giza, rangi zinarudi. Manusura halisi, wale Wayahudi waliookolewa na Schindler, yule Mjerumani mwenye kiwanda, sasa wazee, wanatembea pamoja na waigizaji waliocheza nafasi zao, na mmoja baada ya mwingine wanaweka jiwe juu ya kaburi lake kule Yerusalemu. Hakuna anayesema neno. Mpaka hapo ulikuwa unatazama sinema, na ghafla watu wale ni watu kweli, wana magoti yanayouma, wameshikwa mkono wasianguke. Nilikuwa nimejikaza tangu mwanzo, na hapo nikashindwa.

Hapo hapo programu ikaamua kuwa nimetosheka.

Picha ikasinywaa ikakimbilia pembeni, ndogo mno. Wale wazee wakawa vidoti. Katikati ya skrini pakatokea namba zinazohesabu kurudi nyuma, na kabla sijaipapasa rimoti ilipo, ikalipuka trela ya kichekesho cha harusi: bibi harusi anatumbukia kwenye bwawa la kuogelea, wageni wanapiga mayowe, muziki juu kuliko sauti ya filamu nzima niliyokuwa nikitazama. Machozi bado yako shavuni. Nilikaa pale nikimtazama bibi harusi akitoka majini na shela lake, na sijui nieleze vipi, nilijisikia nimedhalilishwa. Ni kama kuzimiwa taa ukiwa bado unatafuta viatu vyako, tena na mtu uliyemlipa.

Nilirudisha nyuma, bila shaka. Nikatazama tena wale wazee na mawe yao. Haikuwa ile. Stimu ikikatwa imekatwa. Huwezi kuagiza donge la koo lirudi kwa kubonyeza kitufe. Tena, hata hiyo mara ya pili, ilibidi niikalie rimoti macho, maana namba zilitokea tena palepale. Na majina ya mwisho ya filamu hiyo, kwa wasiojua, yanapita juu ya picha ya barabara iliyotandazwa mawe ya makaburi ya Wayahudi. Mtengenezaji hakuweka picha ile kujaza nafasi. Lakini kwa programu hii, herufi zikianza kupanda tu, kilichobaki ni takataka.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nilikuwa mpole, naapa. Nikaeleza filamu gani, wapi ilikatwa, nikauliza namna ya kuzuia isitokee tena. Majibu yakaja haraka kuliko nilivyotarajia: "Habari ndugu mteja. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, filamu hiyo uliitazama hadi mwisho." Nikaeleza upya kwamba hapana, sikuitazama hadi mwisho, ndiyo hasa ninayolalamikia. Kimya kidogo. Kisha: "Pole kwa usumbufu. Kwani ndugu mteja ulikuwa unasoma majina?"

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Ulikuwa unasoma majina! Kama vile nimekutwa nachungulia dirisha la jirani. Na kama nilikuwa nayasoma, je? Mamia ya watu wameshinda juani na kukesha kwenye vyumba vya kuhariri ili mimi nilie sebuleni bila kutoka jasho. Dakika chache za kupitisha majina yao ndiyo anasa gani mpaka niulizwe kwa kejeli?

Halafu si majina tu. Aliyekua akitazama picha za Jackie Chan anajua kwamba mwisho wake ndio nusu ya uhondo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa na mtindo wa kuweka vipande vilivyoharibika chini ya majina: hapa kateleza, pale kapigwa teke la kweli, huku anacheka mwenyewe. Katika Armour of God ya mwaka 1986 aliruka kushika tawi la mti, tawi likakatika, akaanguka na kupasuka fuvu, huko iliyokuwa Yugoslavia, na kipande hicho kimo kwenye majina ya mwisho. Ukikikata, umebaki na mtu anayerukaruka kama mwenye mabawa. Ukikiona, unarudi kuifikiria filamu nzima kwa adabu nyingine. Nimeziangalia upya baadhi yake kwenye huduma hii. Bonyezo la rimoti likichelewa kidogo tu, unapelekwa kwenye filamu ya papa aliyechorwa kwa kompyuta ambaye hata maji hayamlowanishi.

Na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote: kusubiri wanajua. Tangu Iron Man ya mwaka 2008, hizi filamu za mashujaa wa Marvel zimetuzoesha kukaa mpaka mwisho kwa sababu kuna kipande kimefichwa baada ya majina. Nikatazama Black Panther humu humu. Programu ikatulia kimya. Hakuna namba, hakuna kusinywaa. Majina ya kwanza yakapita, mfalme akahutubia Umoja wa Mataifa kule Vienna, majina yakaendelea kupanda taratibu, kikaja kipande cha pili. Heshima zote. Maana yake mtambo unaweza kutofautisha, au kuna mtu kazini kwao anayeweka alama ya mahali pa kukatia. Mwisho unaokuuzia filamu ijayo unalindwa. Wazee wanaoweka mawe kaburini hawauzi kitu, basi wapishe.

Black Panther yenyewe, kwa kuwa nimeitaja, naipenda, ingawa nitagombana na watu: steringi ananichosha kidogo na adui ndiye mwenye hoja. Michael B. Jordan, anayecheza adui huyo, akiingia tu kwenye ile nyumba ya makumbusho na kuanza kumhoji yule mtaalamu vinyago vilipatikanaje, mimi nilishahamia upande wake. Mapigano ya mwisho ndani ya handaki la treni, wote wawili wamevaa karibu sawa, sikujua nani anapigwa. Tuendelee.

Zamani wenye picha zao walikuwa wakali. Mwaka 1960 mwongozaji Hitchcock alitaka majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia filamu yake Psycho ikishaanza, hata awe nani. Alikuwa na sababu: yule mwanamke unayedhani ndiye steringi anauawa kabla filamu haijafika nusu, na aliyechelewa angekaa akimsubiri mpaka taa ziwashwe. Sisi tuliokulia kwenye imani kwamba steringi hafi, picha ile inakutikisa hata leo. (Kama hujaiona, samahani, lakini umepewa zaidi ya miaka 60.) Basi kama mtu aliweza kuulinda mwanzo kwa kumweka bawabu mlangoni, mwisho nao ulindwe na nani? Kwenye huduma hii bawabu ndiye anayekusukuma nje.

Madhara yake yanaenda mbali. Nilipomaliza The Sopranos, tamthilia ya majambazi ya misimu sita ambayo nimeila polepole kwa muda mrefu, mwisho wake ulinikuta nimeshapoteza imani kabisa. Wanaoijua wanajua: familia imekaa mgahawani, wimbo unaimba, mlango unafunguka, baba anainua macho, na papo hapo kiza. Skrini nyeusi, hakuna sauti, sekunde zinapita. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Juni 2007, watazamaji wengi Marekani walidhani matangazo yamekatika. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake, unabaki kwenye giza na moyo unadunda, hujui kama kafa au yuko hai. Mimi sikupata hata hiyo. Kiza kilipoingia nikarusha mkono kwenye rimoti na kufoka, nikiamini kabisa ni hawa hawa wamenikatia tena. Na kabla sijajua ni mwandishi au ni mtambo, kikatokea kisanduku kikiniuliza kama nataka kuanza tamthilia nyingine ya majambazi. Wamenizoesha vibaya kiasi kwamba giza lililotengenezwa kwa makusudi siwezi tena kuliamini.

Nikiri kwamba wapo ambao ningewaombea wakatwe. Tamthilia ya Game of Thrones, kwa mfano. Msimu wa mwisho, 2019, vipindi sita, mambo yaliyochemshwa miaka na miaka yakapakuliwa mbiombio, mtu anavuka bara zima kati ya onyesho na onyesho. Watu zaidi ya milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu huo utengenezwe upya, ombi ambalo halikuwa na nafasi yoyote ya kusikilizwa, na bado wakatia. Pale programu ingenitokea na bibi harusi wake wa kwenye bwawa vipindi vitatu kabla ya mwisho, ningeiinukia na kuipa mkono.

Haya, haki itendeke. Kwenye tamthilia, kuruka wimbo wa mwanzo ni neema. Kipindi kinachofuata kuanza chenyewe ukiwa umelala chali hujiwezi, neema nyingine. Maandishi ya chini yao ni mazuri kweli. Nimetazama filamu za Kikorea na za Kihindi ambazo nisingezigusa kamwe, na Parasite, ile ya Bong Joon-ho iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kufanya hivyo, nimeitazama humu bila kupotea hata sentensi moja. Picha tamu, chungu, inachekesha mpaka unajishtukia unacheka nini. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota tatu. Nilishaanza kuziweka tatu.

Lakini Parasite nayo inaisha kwa kijana amekaa kwenye kile chumba cha chini ya ardhi, theluji nje, macho yake yanakutazama wewe. Kisha majina, na wimbo ambao mwongozaji mwenyewe aliuandikia maneno, anauimba yule yule kijana. Wimbo huo mimi niliupata kwingine. Humu nilipata sekunde kama tano, halafu namba.

Kuna mahali pa kuzima jambo hili, nimepapata baada ya kuhangaika. Hakuko kwenye runinga. Lazima uingie kwenye akaunti kwa kompyuta, ushuke hadi chini kabisa, ubonyeze mahali, uhifadhi, utoke kwenye runinga na kuingia upya. Trela kweli zimekoma. Kusinywaa hakujakoma. Picha bado inakimbilia pembeni, sasa katikati pamebaki weusi mtupu, bila hata bibi harusi. Nimewaandikia tena na kuwauliza faida ya weusi huo ni nini. Aliyenijibu safari hii hakunikejeli, kanishukuru kwa maoni yangu yenye thamani, kisha akanitumia kiungo cha kutathmini mazungumzo yetu.

Basi, ile nyota ya pili nimeirudisha, ni mbili. Malipo ya mwezi huu yameshakwenda, kuna tamthilia ya Kikorea imebakiza vipindi vinne na sitaki kusimuliwa na mtu. Ikiisha, najitoa. Au nasubiri kwanza nione kama msimu wa pili wanaleta wao.