Fedha za mirathi: daladala au hatifungani?

Mirathi ikishagawanywa na fedha kuingia benki, hapa Tanzania wengi hukimbilia gari. Daladala inaonekana mtaani, na dereva analeta hesabu kila jioni. Hesabu hiyo ndiyo inayodanganya. Noti zinaingia kila siku na kuliwa kila siku: leo mboga, kesho mchango wa harusi, keshokutwa shemeji ana shida. Ya matairi haiwekwi. Siku injini inapokufa, mwenye gari anagundua kwamba alichokuwa akila si faida, ni gari lenyewe. Nimeiona Coaster iliyoegeshwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani, na waliorithi bado wanalaumiana.

Hatifungani za Serikali, yaani fedha unazoikopesha Serikali kwa riba, hazina mbwembwe. Unanunua kupitia benki au dalali wa soko la hisa, kuanzia shilingi 1,000,000, na za muda mrefu zinafika miaka 25. Riba inalipwa kila baada ya miezi 6, mtaji unarudi mwishoni. Mfumuko wa bei unautafuna mtaji huo, hilo tusifiche. Lakini ndugu akibisha hodi saa mbili usiku, hakuna noti za kumgawia.

Ukibanwa kweli, unaiuza Soko la Hisa la Dar es Salaam. Inachukua muda, na muda huo humpa mfiwa nafasi ya kufikiri.

Fundi mwenye gereji yake, daladala itamlipa. Kijana wa miaka 20 asiyewahi kufanya biashara aanze na hatifungani. Gari alinunue baadaye, kwa fedha ya riba.